Tusihesabu Vichwa

Bila shaka umewahi kuona mtu akibandikwa jina na majirani, nalo likamganda mpaka kaburini. Kumbe hata muziki hupatwa na balaa hiyo. Gustav Mahler, aliyezaliwa mwaka 1860 huko Bohemia, sehemu ambayo leo imo katika nchi ya Cheki, alitunga simfoni yake ya nane na kuiita hivyo tu, Simfoni ya Nane. Aliyezua jina la "Simfoni ya Watu Elfu" ni Emil Gutmann, mfanyabiashara aliyeandaa onyesho la kwanza na aliyetaka tikiti zinunuliwe. Mahler hakulipenda jina hilo hata chembe. Alihofia kazi yake isigeuzwe sarakasi.

Nami nasema jina hilo ndilo lililotufanya wengi tuisikie simfoni hii kwa macho badala ya masikio. Mwalimu wetu wa muziki alipotutajia, swali la kwanza darasani lilikuwa, "Walikuwa wangapi hasa?" La pili, "Walilipwa ngapi?" Hakuna aliyeuliza waliimba nini!

Haya, tuyamalize hayo ya hesabu. Tarehe 12 Septemba 1910, mjini Munich, Ujerumani, walipanda jukwaani waimbaji 858 na wapigaji ala 171. Ukimwongeza Mahler mwenyewe aliyewaongoza (kondakta, lakini si yule wa matatu) wanafika 1,030. Wanane walikuwa waimbaji wa peke yao. Watu wazima 250 walitoka Vienna, wengine 250 wakatoka Leipzig, na watoto 350 walikuwa wa pale pale Munich. Kila kundi lilijifunza sehemu yake kwao, kisha wote wakakutanishwa siku za mwisho mwisho. Hebu fikiria kazi hiyo, na hakukuwa na simu za mkononi.

Sasa waliimba nini? Sehemu ya kwanza ni wimbo wa kanisa wa Kilatini wa zamani sana, wa karne ya tisa hivi, unaomwomba Roho Muumba ashuke. Ya pili, ambayo ni ndefu zaidi, inatoka mwishoni mwa tamthilia ya Faust ya Goethe, Mjerumani, pale ambapo roho ya mtu aliyekosea maisha yake yote inapandishwa juu kwa upendo. Yote yachukua kama saa moja na dakika ishirini. Mahler aliandika karibu kazi nzima katika kiangazi kimoja tu, mwaka 1906, kando ya ziwa huko Maiernigg, Austria. Beethoven alikuwa ameshatia kwaya katika simfoni yake ya tisa mwaka 1824, lakini mwishoni tu. Kwa Mahler watu wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwanzo wenyewe, jamani, ni kishindo. Kinanda kikubwa kinanguruma na kwaya mbili zinapasuka pamoja kama mvua ya mawe juu ya mabati. Aliyekuja kwa ajili ya jina la Gutmann ameshapata haki yake hapo na anaweza kwenda nyumbani.

Lakini mimi hoja yangu iko mwishoni. Baada ya makelele yote hayo kwaya nzima inaingia kwa sauti ya chini mno, kama pumzi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliwahitaji wengi. Mtu mmoja akinong'ona utamsikia yeye, na pengine utasikia kwamba anaogopa. Mamia ya watu wakinong'ona pamoja humsikii yeyote. Unasikia kitu kingine kabisa, kama upepo mbali. Kitu hicho huwezi kukipata kwa waimbaji ishirini hodari, hata wawe hodari namna gani.

Nayasema haya kwa sababu hapa shuleni kumezuka maneno ati kwaya yetu ipunguzwe, wabaki wale wenye sauti "safi" tu, na sisi wengine tukapige makofi. Nasimama safu ya nyuma kabisa, sauti ya nne, na sina haja ya kujificha: nikipimwa peke yangu siingii kwenye ishirini bora. Wanaosema hivyo wana hoja, kwani sisi wa shule ya kutwa muda wetu wa mazoezi ni mfupi na kikundi kidogo hufunzwa upesi. Sawa. Lakini wasituambie kwamba ni kitu kile kile, kidogo na kikubwa. Wakishapunguza, mnong'ono ule hawataupata tena.

Baada ya Munich mambo yalienda mbio. Mahler alifariki tarehe 18 Mei 1911, miezi minane tu baadaye. Leopold Stokowski, aliyekuwamo ukumbini Munich, aliipeleka Philadelphia, Marekani, mwaka 1916 akiwa na wanamuziki 1,068. Unaona? Mashindano ya vichwa yameshaanza. Kisha mwaka 1933 Wanazi walishika serikali Ujerumani na muziki wa Mahler ukapigwa marufuku katika kumbi za huko kwa kuwa alizaliwa Myahudi. Mtoto wa miaka kumi aliyeimba Munich mwaka 1910 alikuwa sasa na miaka 33, na wimbo wake wa utotoni ulikuwa haramu katika nchi yake. Hilo hunisumbua kuliko hesabu zote za Gutmann.

Mwaka 2012 iliimbwa Caracas, Venezuela, chini ya Gustavo Dudamel, na wengi wa walioshiriki walikuwa vijana waliolelewa na mpango wa El Sistema, ulioanzishwa mwaka 1975 kuwafunza muziki watoto wa huko, maskini wakiwamo. Walizidi elfu. Hao hawakuchujwa wakabaki ishirini.

Mwalimu wa muziki anayo rekodi. Mwombeni awawekee ile sehemu ya mwisho, hazifiki dakika kumi. Na inapoanza, mtu asimwambie aongeze sauti.