Tonge la Senene na Hoja ya Maumbile

Kila unapozuka ubishi wa posa na mahari, hatoki malenga asiyewaita wadudu watoe ushahidi. Dume hutoa na jike hupokea, husema. Dume huhangaika na jike huringa. Ndivyo maumbile yalivyo, na mtunzi anayesema vinginevyo anapotosha. Hoja hii imechakaa, na aibu yake ni kuwa wanaoitoa hawajamtazama mdudu.

Lau wangemtazama, wangekutana na Kawanaphila nartee, wa ukoo mmoja na senene, aishiye Australia ya Magharibi na kula chavua ya maua. Dume wake anapojamiiana humwachia jike kifuko cha mbegu kilichoambatana na tonge la ute wenye lishe, alilolitengeneza mwilini mwake mwenyewe. Jike hulila, na wakati huo mbegu humwingia. Hapo wenye hoja ya maumbile watapiga makofi. Wasubiri kwanza.

Mwaka 1990 Darryl Gwynne na Leigh Simmons walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lao. Palipokuwa na chakula haba, majike ndio waliogombania madume, na madume wakachagua. Chakula kilipoongezwa, madume wakarudi kushindana na majike wakaringa. Wadudu ni wale wale! Sababu yake haina fumbo: penye njaa tonge ni ghali kulitengeneza, dume hukawia kuwa tayari tena, ilhali jike mwenye tumbo tupu hulitafuta mara kwa mara. Madume walio tayari huwa wachache, na kilicho kichache hugombaniwa.

Wala si mdudu mmoja tu. Huko Marekani yuko Anabrus simplex, ambaye zawadi yake huweza kufikia robo ya uzito wa mwili wa dume. Gwynne huyo huyo alieleza mwaka 1981 jinsi madume wake walivyowakataa majike wepesi, ambao mayai yao ni machache.

Haifuati kwamba binadamu ni senene; hilo walilianza wao. Lakini aliyemleta shahidi barazani hana ruhusa ya kumziba mdomo katikati ya maneno. Basi malenga na ajibu, kwa vina na mizani akipenda: kati ya msimu wa chavua haba na msimu wa chavua tele, ni upi anaouita maumbile?