Njia fupi ya faili kutoka simuni hadi kompyuta yaacha mlango wazi

KATIKA steshenari za Bagamoyo, kama zilivyo za Bunju na Tegeta, mteja anayetaka kuchapisha cheti alichokipiga picha kwa simu yake hukutana kwanza na swali moja: "Una bando?"

Asipokuwa nalo hununua, kisha hulituma faili kwa WhatsApp au barua pepe. Faili hilo hutoka simuni, huenda kwenye mitambo iliyo nje ya nchi, ndipo hurudi katika kompyuta iliyo hatua moja kutoka alipo mwenyewe. Kifurushi huliwa mara mbili, cha mteja na cha mwenye duka.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchini na kwa majirani. Kwa anayetegemea mzunguko huo, cheti kilichomo mfukoni hakichapishiki.

Njia fupi ipo, wala si ngeni. Simu na kompyuta zikiwa kwenye waifai moja, hata ile inayorushwa na simu isiyo na kifurushi, programu ya kuhamisha mafaili huigeuza simu kuwa ghala. Huonyesha anwani ya tarakimu, mara nyingi ikianza na 192.168, ikiandikwa kwenye kompyuta, yaliyomo simuni hufunguka.

Hapo ndipo penye tatizo, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ni kubwa kuliko bei ya kifurushi. Baadhi ya programu hizo hufungua hifadhi yote bila kudai nywila. Zinazotumia FTP ya kawaida huipitisha nywila bila kuificha, hivyo aliyemo kwenye mtandao huohuo anaweza kuinasa. Aliyefuata karatasi moja huanika picha za familia na nakala ya kitambulisho cha NIDA. (WhatsApp nayo si salama kihivyo: nakala hubaki kwenye kompyuta ya duka.)

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023. Hata hivyo, ni vigumu kumshitaki mtu ambaye hukumwona akiingia.

Kwa sasa mwenye simu anaweza kuchagua folda moja tu ya kuonyesha, kuweka nywila, na kuizima programu hiyo kabla hajalipia karatasi yake.