Coldplay, Penzi Letu Limepoa

Jamani, kuna mapenzi yanayokufa bila ugomvi. Langu na Coldplay ni la namna hiyo. Hakuna aliyemkosea mwenzake, ila siku hizi wakiimba mimi nawaza umeme wa Luku umebaki uniti ngapi.

Hawa jamaa wanne walikutana chuoni London miaka ya 1990. Mwaka 2000 wakatoa Parachutes, 2002 wakashusha A Rush of Blood to the Head, nami nikawa sina ujanja. Gitaa la Jonny Buckland likilia taratibu, Chris Martin akiimba kama mtu anayebembeleza saa nane za usiku. Fix You ya 2005 alimtungia mkewe wa wakati huo, Gwyneth Paltrow, aliyekuwa amefiwa na baba. Huzuni ile ilikuwa na mwenyewe.

Sasa chukua Music of the Spheres ya 2021. Mtayarishaji ni Max Martin, yule fundi Msweden aliyempaisha Britney Spears. My Universe, waliyoimba na BTS wa Korea Kusini, ikashika namba moja Marekani. Kibiashara, hongera zao. Halafu Moon Music ya 2024 ikaja na yale yale: tupendane, dunia tamu. Ni wimbo wa kila mtu, na anayemwambia kila mtu "nakupenda" hajamwambia yeyote.

Mke wangu hataki kusikia haya. "Baba, watu wameshavuka miaka 45, wana watoto. Unataka waendelee kulia ili wewe ustarehe?"

Ana hoja. Mtu ana haki ya kupona. Lakini mimi sigombani na furaha. Arabesque ya 2019, wakiwa na Femi Kuti wa Nigeria na saksafoni yake, imechangamka kweli, na bado ndani yake unamsikia mtu.

Wapendanao, na sisi tujiangalie hapo. Miaka ikienda, "nakupenda mpenzi" inageuka meseji ya kawaida, unaweza ukaituma namba yoyote. Mwenzako hahitaji umlilie kama enzi za uchumba. Anataka asikie umemwona yeye: "Leo bosi wako kakuchosha, kaa, chai naleta mimi." Hilo huwezi kumtumia jirani.

Coldplay waendelee kujaza viwanja. CD zangu za zamani sigawi, na mama watoto analijua hilo.