Hakuna Kabila Lililoyeyuka

SAFU YA ZAINABU LUGENDO

Vijana wanaocheza Skyrim, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2011, wanawajua vizuri Dwemer. Ni watu wa kubuni walioishi ndani ya milima, mafundi hodari wa chuma na mvuke, ambao siku moja, katikati ya vita vya Mlima Mwekundu, walitoweka karibu wote kwa mpigo. Miji yao imebaki, mashine zao bado zinazunguka bila mwendeshaji, na tangu toleo la Morrowind la mwaka 2002 watunzi hawajatoa jibu la mwisho kuhusu kilichowapata. Mchezo wenyewe siulaumu. Mtunzi wa hadithi ana haki ya kulifuta taifa zima kwa sentensi moja, na fumbo hilo limesukwa kwa ustadi. Ninachokipinga ni mazoea ya kuivisha historia yetu hadithi ya namna hiyo. Kwa miaka zaidi ya mia moja Afrika Mashariki imeambiwa kwamba hapa na pale paliishi watu wa ajabu, wajenzi wa mawe au wafuaji wa chuma, wakatoweka bila kuacha mrithi. Kila palipochunguzwa kwa makini, wenyewe wamekutwa wapo, chini ya jina jingine, kilima kimoja au viwili kutoka pale. Kilichokatika ni masimulizi ya jinsi walivyohama, na si mara moja kukatika huko kumemfaa mtu fulani.

Mfano mkubwa nchini Tanzania ni Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron. Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 akaandika juu ya marundo ya mawe aliyoyaona. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935, akahesabu maelfu ya misingi ya nyumba mtelemkoni, akakadiria kwamba hapo waliishi watu elfu thelathini hadi arobaini. Chini ya vijiji hivyo kuna mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, takriban hekta elfu mbili, yote yakimwagiliwa kwa mifereji iliyotolewa kwenye vijito vinavyoshuka ukingoni. Ukisimama katikati ya mashamba hayo, katika nchi kavu inayopata mvua haba, ni rahisi kujiuliza taifa kubwa kiasi hicho lilikwenda wapi. Lakini angalia jinsi fumbo lilivyopungua watafiti walipopiga magoti na kuchimba. Iligundulika kwamba nyumba zile hazikukaliwa zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo idadi ya watu ilishuka sana. Iligundulika pia kwamba mashamba hayakujengwa kwa amri moja ya mfalme mmoja. Yaliongezwa kipande kwa kipande, vizazi kwa vizazi, tangu karibu karne ya 15 hadi ya 18, na sehemu nyingine wakulima walitumia vizuizi vya mawe kuutega udongo ulioletwa na maji mpaka ukawa shamba. Kazi ya namna hiyo ni ya jamii ya wakulima wa kawaida, wenye subira na akili ya maji.

Walikwenda wapi, basi? Wanaakiolojia, akiwemo John Sutton, wameeleza kwamba maji ya vijito yalipopungua na udongo ukachoka, maisha ya pale yalizidi kuwa magumu, na kuingia kwa wafugaji wa Kimaasai kukabadili mizani ya eneo lote. Kaskazini ya Engaruka wapo Wasonjo, au Watemi kama wanavyojiita wenyewe, ambao hadi leo wanamwagilia mashamba kwa mifereji, na zamu za maji zinasimamiwa na baraza la wazee liitwalo wenamiji. Leakey yeye aliwaelekeza wasomaji wake kwa Wairaki wa Mbulu. Wataalamu wanaweza kuendelea kubishana kuhusu undugu wa karibu zaidi ni upi, lakini mabishano yao yote yanahusu watu walio hai. Zaidi ya hayo, Engaruka yenyewe haijawa tupu. Kuna kijiji, na wakazi wake wanalima kwa maji ya mto uleule.

Nchini Kenya hadithi ya namna hiyo ilikuwa ya Wasirikwa, watu waliodaiwa kutoweka. Mashimo makubwa yaliyotapakaa kwenye nyanda za juu za magharibi yalimfanya G. W. B. Huntingford aandike mwaka 1933 juu ya ustaarabu uliopotea, akauita wa Azania. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadaye Sutton akayachunguza mashimo ya aina hiyo kwa miaka mingi. Ikabainika kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yaliyochimbwa chini ili kulinda mifugo, yakiwa na kibanda cha wenyewe pembeni. Waliochimba ni jamii ambazo wazao wao wamo miongoni mwa Wakalenjin wa leo. Taifa la siri lililokuwa likisakwa lilikuwa limeketi palepale, likichunga ng'ombe.

Zimbabwe inaonyesha kwa nini jambo hili si la kupitisha wakati tu. David Randall-MacIver alisema mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson akarudia mwaka 1929 kwa ushahidi ulio wazi zaidi, kwamba majengo makuu ya mawe ya Zimbabwe Kuu ni kazi ya Waafrika. Bado utawala wa walowezi wa Rhodesia uliendelea kupenda hadithi ya wageni wa kale waliojenga wakatoweka, hata mwanaakiolojia Peter Garlake akalazimika kuihama nchi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sababu haikujificha. Kama wajenzi walitoweka, Washona wanaoishi pale nao ni wageni, na mgeni mmoja hana haki zaidi ya mwingine. Tasmania, kisiwa cha Australia, ilitendewa vivyo hivyo. Truganini alipofariki mwaka 1876 alitangazwa kuwa wa mwisho wa watu wake, na kwa karibu miaka mia moja wazao wa Watasmania waliambiwa usoni kwamba hawapo, ilhali wapo mpaka leo.

Sasa tuje nyumbani. Anayesafiri kutoka Morogoro kwenda Dodoma huvuka Mto Wami pale Dakawa, kisha akafika Magole na Dumila. Dakawa wengi wanaijua kwa mashamba ya mpunga na kwa makazi ya wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini. Wachache wanajua kwamba watafiti Håland na Msuya walichimba hapo na kuandika mwaka 2000 juu ya mavi ya chuma, mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, na vigae vya vyungu vilivyochorwa pembetatu shingoni. Vyungu vya michoro hiyo ndivyo Profesa Felix Chami alivyovieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu pwani ya Tanzania, na vinapatikana tangu pwani ya Kenya hadi Msumbiji. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwenye bonde hilihili ambalo madereva wa mabasi hulipita mbio, palikuwa na wahunzi walioyeyusha chuma na wafinyanzi waliokuwa na mtindo mmoja na watu wa pwani. Hapakuwa na ukuta wa mawe. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, zikaoza, na mafuriko ya Wami na vijito vyake yakazifukia kwa tope. Magole inayajua mafuriko hayo. Yale ya Januari 2014 yaliikata barabara kuu pale Dumila na kuwaacha maelfu bila makazi. Kwa sababu hakuna mawe, hakuna aliyekuja kutunga fumbo la kabila lililopotea la Wami. Wahunzi wetu wameepuka hadithi ya uongo, lakini wamelipa kwa kusahauliwa kabisa.

Msomaji makini atauliza: kama watu hawakutoweka, mbona utaalamu wao umetoweka? Hakuna mtu Magole leo anayeyeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Jibu zuri kabisa nalijua kutoka Kagera. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyachimba matanuri ya kale Katuruka, mengine ya takriban miaka elfu mbili, kisha mwaka 1976 akawaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kwa njia ya mababu zao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miongo mingi nyuma, chuma cha Ulaya kilipofurika madukani kwa bei rahisi. Wazee hawakufaulu mara ya kwanza. Wakakumbushana: shimo lijazwe majani ya kinamasi yaliyochomwa mpaka yawe makaa, ukuta wa tanuri ujengwe kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani, mirija iingizwe ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Chuma kikatoka, na mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery wakayaandika hayo katika jarida la Science. Ufundi ulikuwa umekufa sokoni, lakini kichwani mwa wazee ulikuwepo. Kama angechelewa miaka ishirini tu, tungebaki na matanuri na swali.

Kuna pingamizi zito zaidi ya hilo, nami nalikubali nusu. Jamii nyingine kweli hazipo tena kama jamii. Waasa, wawindaji waliokuwa wakiishi katika nchi ya Wamaasai, lugha yao haina msemaji leo. Lakini tunajua jinsi ilivyotokea. Sotoka ilipoteketeza ng'ombe katika miaka ya 1890, Wamaasai waliofilisika walikimbilia kwenye kambi za wawindaji hao, watoto wakakua wakisema Kimaasai, na baada ya vizazi vichache Kiasa kikabaki midomoni mwa wazee. Lugha ilikufa, na hiyo ni hasara isiyorudishika, ila wajukuu wa wasemaji wake wanaishi na wanaitwa Wamaasai. Kadhalika Wangindo wa Liwale walihamishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1940, sababu ikitajwa kuwa malale. Sehemu ya nchi yao ikaunganishwa na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii huonyeshwa nyika isiyoguswa na binadamu. Wangindo wanajua kwamba baadhi ya nyika hiyo ni mahame yao. Hata pale ambapo watu waliuawa au waliuzwa utumwani, na njia za misafara zilipita Usagara, hakuna fumbo lolote. Kuna waliotenda na kuna waliotendewa, na historia inapaswa kuwataja.

Nitaambiwa pia kwamba siwezi kuthibitisha kwamba wahunzi wa Dakawa ni mababu wa Wakaguru, au Wasagara, au Waluguru. Ni kweli, wala sidai hivyo. Majina hayo ya makabila yanaweza kuwa machanga kuliko mavi ya chuma, na watu wa bonde hili wamechanganyika mara nyingi. Tazama Kimamba na mashamba ya mkonge ya Kilosa. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka, na wilaya yetu ilikuwa na sehemu yake katika hizo. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mengi baadaye yakageuka vichaka na mitambo ya korona ya kuchakata mkonge ikashika kutu. Atakayechimba hapo miaka elfu ijayo atakuta chuma, reli nyembamba na misingi ya kambi, na akiwa mvivu atatangaza taifa la mkonge lililopotea. Wazao wa manamba waliotoka Kigoma, Songea na Burundi watakuwa wamejaa pale, wakiitwa jina jingine kabisa. Kwa hiyo simdai mtafiti hati ya ukoo. Namdai aanze kwa kudhani kwamba watu waliendelea kuishi, na anayetaka kusema walitoweka ndiye alete ushahidi.

Kutokana na hayo nina maombi mawili. Kwa Halmashauri ya Kilosa na jirani zetu wa Mvomero: Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, basi kabla greda halijaingia kwenye barabara mpya au mfereji mpya wa umwagiliaji kando ya Wami, mtaalamu wa mambo ya kale atembee eneo hilo kwa miguu, na habari za Dakawa zifundishwe Magole Sekondari na shule za jirani kama zinavyofundishwa za Kilwa. Kwa wakulima wa Magole, Dumila na Dakawa: jembe likigonga jiwe jeusi zito lenye vitundu, au kigae chenye pembetatu, usilitupe mtoni. Liache mahali pake, upaweke alama, umwite mwenyekiti wa kijiji na mwalimu wa historia waje walione lilipo.