Presha ya ini si presha ya mkono

Ni jambo la kusikitisha kwamba neno 'presha', ambalo kila Mkenya analifahamu, laweza kumpotosha mgonjwa badala ya kumwelimisha. Aliyeambiwa ana presha ya ini huenda akapimwa mkononi, akakutwa hana neno, akarudi nyumbani ametulia. Kumbe presha hizi mbili zinashirikiana jina tu.

Damu itokayo matumboni na kwenye wengu hupitia mshipa mmoja mkubwa hadi kwenye ini ili ichujwe. Ini likijaa makovu, njia husongeka na damu ikarundikana nyuma yake. Huenda makovu hayo yakaletwa na pombe au homa ya ini. Kandokando ya Ziwa Victoria na katika mashamba ya mpunga ya Mwea, chanzo kingine ni kichocho cha matumbo, ambapo mayai ya minyoo hunasa katika vijishipa vya ini.

Damu iliyozuiwa haikubali kusimama. Hutafuta njia za panya. Na kama ilivyo mpakani, shehena ipitayo njia za panya haikaguliwi: sumu ambayo ini lingeiondoa huweza kufika ubongoni na kumvuruga mgonjwa akili. Isitoshe, vijia vya kwenye umio ni dhaifu. Vikipasuka, mgonjwa hutapika damu, na jamaa zake wakadai amerogwa.

Hapa ndipo kinapofaa kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi wetu twakihusisha na waja wazito pekee. Bila kisu wala sindano, mtaalamu hupima upana wa mshipa ule, na ukizidi milimita 13 hushuku kuwa umeelemewa. Hutazama pia kama wengu umevimba. Tena, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka wa 1842, huona kama damu inaelekea kwenye ini au inarudi kinyume. Hata hivyo, mishipa ya umio huchunguzwa vyema zaidi kwa kamera ipitishwayo kooni.

Swali ni hili: akishayaona hayo, atamweleza mgonjwa kwa maneno gani? Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Dai hilo halina mashiko. 'Shinikizo la mshipa wa ini' linataja mahali penyewe, kwa hiyo halitachanganywa na presha ya mkono. 'Mishipa ya kando' inaeleweka hata kwa asiyewahi kuingia maabara.

Istilahi, hata hivyo, haziishi kamusini. Huishi vinywani mwa watu. Yafaa mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa Bayolojia waketi pamoja, wanafunzi nao waandike insha juu ya maradhi ya vijiji vyao. Kichocho kina dawa, praziquantel, nayo hufaa zaidi ikimezwa kabla makovu hayajakomaa. Mtoto aliyeelezwa hayo kwa lugha anayoielewa atamhimiza mzazi wake aende kupimwa mapema, kabla ya kutapika damu.