MATOKEO SI MSAHAFU

Ndugu wa Murangi, kila matokeo ya mtihani yatokapo nasikia wazee wakisema, “Ndivyo Mungu alivyomwandikia.” Mungu hasahihishi karatasi za mtihani! Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: watoto zaidi ya 240,000, zaidi ya nusu ya wote, walipata sifuri. Wananchi walipiga kelele. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na mwezi Mei Serikali ikayafuta matokeo yale, yakapangwa upya. Maelfu wakatoka kwenye sifuri bila kuandika tena hata neno moja.

Sisemi kila aliyeanguka akate rufaa. Rufaa ina ada, na ada hiyo kwetu ni dagaa waliokwisha kuanikwa. Mpelekeeni mwalimu madaftari ya mtoto. Ikiwa mwaka mzima alishinda hesabu, kisha akaletewa F, kateni rufaa kabla siku hazijapita. Lakini ikiwa darasa zima halikuwa na mwalimu wa hesabu (nami niliyepita chuo cha ualimu nalisema kwa aibu), msahihishaji hana kosa. Hapo twendeni Halmashauri, wazazi wote, tukadai mwalimu.