Mwanao amerudi salama? Mhesabie miezi mitatu

Kuna sentensi moja tunayoisikia mara kwa mara kwa watu waliotoka safari ndefu: "Daktari, haiwezi kuwa malaria. Wiki nzima iliyopita nilikuwa mlimani kwenye baridi."

Hapa Morogoro sentensi hiyo haishangazi. Milima ya Uluguru ni kituo kizuri cha kumalizia safari kwa vijana wanaozunguka nchi na begi mgongoni. Wanaanzia Mbeya au Iringa, wanateremkia Ifakara na Mang'ula kuiona Udzungwa na bonde la Kilombero, wanapita Mikumi, kisha wanamalizia kwetu: Morningside, kilele cha Lupanga chenye mita 2,138, au vijiji vya Mgeta na Bunduki. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, safari ya kurudi jijini ni kama saa mbili tu. Mtu anaamka Morogoro na mchana anakula chakula cha mama yake.

Mzazi akishamwona mwanae mlangoni, amekonda kidogo lakini anacheka, husema alhamdulillahi, au Bwana asifiwe, na kuhesabu kwamba safari imekwisha. Mimi nasema haijaisha. Wiki za mwisho za safari ndefu ndizo za kuangaliwa zaidi kuliko za mwanzo, na kiafya safari huisha miezi mitatu baada ya begi kufunguliwa.

Tupige hesabu. Vimelea vya malaria iliyo kali zaidi nchini kwetu kwa kawaida hukaa mwilini siku 7 hadi 14 baada ya mtu kuumwa na mbu ndipo homa ianze. Kwa wengine huchukua mwezi, na mara chache hata zaidi. Kijana aliyeumwa na mbu Ifakara tarehe 1 anaweza kupanda Lupanga tarehe 8 akiwa mzima kabisa, na kuanza kutetemeka tarehe 13 akiwa kitandani kwake Arusha. Nyumbani watasema ni uchovu, ni mvua iliyomnyeshea, ni baridi ya mlimani. Kumbe homa ya leo ni ya wiki mbili zilizopita. Baridi ya mlima haileti malaria, na wala haiiui ile ambayo mtu ameshapanda nayo.

Nimeitaja Arusha kwa makusudi. Mtoto aliyekulia Arusha, Kilimanjaro, Manyara au Zanzibar, ambako malaria ni kidogo sana, hana kinga ya kutosha ya kupambana nayo. Ndivyo alivyo pia binamu yake aliyekulia Muscat, London au Minnesota na amekuja likizo kuzunguka nchi ya wazazi wake. Kinga ya malaria haiji na jina la ukoo. Hujengeka kwa kuugua mara kwa mara utotoni, na hupungua mtu akiishi mbali na ugonjwa kwa miaka. Kwa watu hawa homa ya asubuhi inaweza kuwa hatari kwa maisha ndani ya siku moja au mbili.

Katika wiki hizo za mwisho mambo matatu huharibika.

La kwanza ni kulegea. Chandarua kimechanika, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu imekwisha, na hela iliyobaki ni ya nauli. Kijana analala nyumba ya wageni yenye dirisha lisilo na wavu, anasema ni usiku mmoja tu. Wale wanaotumia dawa za kinga, hasa wageni na ndugu zetu wa ughaibuni, huziacha siku wanayopanda ndege. Hilo ni kosa. Doksisaiklini na meflokwini huendelea kumezwa wiki nne baada ya kuondoka kwenye eneo la malaria, na mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili siku saba. Vidonge hivyo vya mwisho ndivyo vinavyowakamata vimelea vilivyoingia katika siku za mwisho.

La pili ni kuahirisha. "Nitaonyesha nikifika nyumbani." Kuna mambo hayasubiri nyumbani. Mtu akiumwa na mbwa, hata mkwaruzo mdogo wa jino, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Kadhalika mwenye homa akiwa bado kijijini apimwe huko huko. Asijikaze kutembea saa tano zaidi ili awahi basi.

La tatu ni kunyamaza. Kijana hasemi kwamba aliogelea ziwani au alivuka mashamba ya mpunga peku. Mzazi hajui, na daktari haulizi. Kichocho huingia kupitia ngozi kwa dakika chache tu mtu akiwa kwenye maji yaliyotulia au yaendayo polepole yenye konokono wanaokibeba. Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa yanajulikana kwa hilo. Homa, kikohozi na vipele vyake vinaweza kutokea wiki 2 hadi 12 baadaye, wakati kijana ameshasahau kwamba aliwahi kulowa. Kipimo cha mkojo au choo kikifanywa mapema mno kinaweza kuonyesha hakuna kitu, na dawa ya prazikwanteli ikitolewa mapema haiwaui minyoo wachanga. Ndiyo maana mara nyingi tunamwambia mtu arudi tena baada ya wiki kadhaa.

Hapa nina neno pia kwa wenzangu wa kwenye vituo. Mgonjwa wa homa tunamuuliza anaumwa tangu lini, anatapika, anaharisha. Swali la bei rahisi kuliko yote tunaliacha: "Miezi mitatu iliyopita umelala wapi?" Badala yake wengi hutoka na jibu la "taifodi" kwa kipimo kimoja cha Widal, kipimo ambacho kinaweza kusoma chanya kwa mtu asiye na taifodi kabisa. Mgonjwa anakwenda nyumbani na antibayotiki huku malaria ikiendelea. Kama hukuulizwa ulikotoka, msomaji wangu, usingoje. Sema mwenyewe. Hiyo si kumfundisha daktari kazi, ni kumsaidia aone haraka.

Wapo watakaosema ninawatisha vijana wasisafiri. Sivyo. Maji ya Mto Ruvu yanayofika kwenye mabomba ya Dar es Salaam yanatokana kwa sehemu kubwa na milima hii, na mtoto wa jijini aliyepanda kwa miguu yake akaona vijito vinavyoanzia msituni amejifunza kitu ambacho darasani hakipatikani kirahisi. Aende. Ila wazazi tunaompa nauli na kumwombea dua tumpe na vitu vingine viwili.

Cha kwanza ni daftari dogo. Kila jioni aandike tarehe, mahali alipolala, kama alitumia chandarua, na kama aliingia kwenye maji au aliumwa na mnyama au kupe. Mstari mmoja unatosha. Daftari hilo likifika mezani kwa daktari lina thamani kuliko vipimo vitatu vya kubahatisha.

Cha pili ni ahadi kwamba homa yoyote ndani ya miezi mitatu ya kurudi itapimwa malaria siku hiyo hiyo, si baada ya panadol ya siku tatu. Kipimo kikionyesha hakuna na homa ikaendelea, arudiwe kupimwa kesho yake, na ikibidi kesho kutwa. Akianza kutapika kila anachomeza, kuchanganyikiwa, kupata degedege, kuhema kwa shida, macho kuwa ya njano au mkojo kuwa mweusi, hiyo ni hospitali usiku huo huo. Msisubiri kupambazuke.

Kwa hiyo kijana wako akirudi wiki hii, mpikie, acha alale, msikilize hadithi zake za Lupanga. Kisha chukua kalenda, hesabu miezi mitatu kuanzia siku aliyorudi, na uizungushie tarehe hiyo kalamu nyekundu. Mpaka siku hiyo, akikuambia "mama, nasikia baridi", usimpe blanketi tu. Mpeleke akapimwe.